Shajara ya Prado KZJ95: hedi inatoka Dubai, gasketi inatoka Japani, injini iko wazi Morogoro

Wiki ya tatu ya Machi 2024

Gari ni Toyota Land Cruiser Prado KZJ95 ya mwaka 1997, injini 1KZ-TE, dizeli yenye tabo, silinda nne, 2,982 cc. Mwenye gari ni baba mdogo, anakaa Matombo. Kule milimani gari hili ndilo linaloshusha wagonjwa usiku, ndilo linalobeba maiti, ndilo linalopeleka ndizi sokoni. Likisimama, kijiji kinajua.

Dalili zilianza kama zinavyoanza kwenye 1KZ nyingi: maji yanapungua na chini hakuna tone, rejeta inatoa mapovu, mshale wa joto unapanda kila gari likikabili mlima. Fundi alishusha hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, tukaipeleka kwenye karakana ya kuchonga vyuma ikajazwa hewa ndani ya maji. Nyufa zimeonekana katikati ya valvu, kwenye silinda mbili. Hedi ya injini hii ni ya alumini na bloku lake ni chuma cha kutupwa. Ikichemka mara moja vizuri, alumini ndiyo inayolipa.

Fundi wa karakana alisema anaweza kuchomea. Fundi wetu alikataa, na mimi nipo upande wake. Hedi iliyochomewa sehemu ile, kwa gari linalopanda Uluguru na mzigo, ni kuahirisha kazi ileile. Hedi za mtumba Ilala zipo, lakini nazo zimetoka kwenye magari yaliyochemka. Tumekubaliana tunanunua hedi mpya.

Kazi iliyofuata haikuwa kuagiza. Ilikuwa kupima. Pistoni za 1KZ zinachomoza kidogo juu ya uso wa bloku, na Toyota walitengeneza gasketi za hedi (za kuziba kati ya bloku na hedi) za unene tofauti kulingana na kiasi cha kuchomoza huko. Fundi aliweka daili geji juu ya kila pistoni, akaizungusha injini taratibu, akaandika namba nne ukutani kwa chaki. Halafu akaweka rula ya chuma juu ya bloku na kupitisha fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake, kila pembe na mishazari yote miwili. Bloku limenyooka. Namba hizo za ukutani ndizo zinazoamua gasketi ipi iagizwe, na mtu anayeagiza gasketi "ya 1KZ" bila kupima anajitafutia ucheleweshaji wa pili, kwa sababu iliyo sahihi itaanza safari upya kutoka mwanzo.

Mwisho wa Machi

Orodha imekamilika. Tumeigawa katika mafungu matatu kwa kuangalia kitu kimoja tu: kila spea inaweza kupatikana wapi ikiwa halisi.

Hedi inatoka Dubai. Wauzaji wa jumla wa spea wa Deira wanaweka hedi mpya za 1KZ, zikiwamo za AMC ya Hispania, na wakala wa Kariakoo anakusanya mizigo ya watu kule na kuileta kwa kontena. Kwa ndege unalipa kwa kilo, kwa meli unalipa kwa CBM, yaani mita ya ujazo. Hedi ni nzito lakini haina ukubwa, kwa hiyo tumechagua meli.

Gasketi ya hedi, bolti za hedi, sili za valvu, taimingi belti, beringi zake, themostati na klachi ya feni (inayoshika na kuachia feni ya kupoza kulingana na joto) vinatoka Japani, kwa duka la mtandaoni linalouza spea za Toyota zenyewe.

Hosi, kulanti, oili, filta na belti za nje tutanunua Kariakoo siku ya kuzihitaji. Hakuna sababu ya kuzivusha bahari.

Kwa wasiozoea: namba ya spea ya Toyota ina tarakimu kumi, tano na tano, na tano za kwanza zinasema ni kitu gani. 11115 ni gasketi ya hedi. 13568 ni taimingi belti. 16100 ni wota pampu, 16210 ni klachi ya feni. Tano za mwisho ndizo zinazotofautisha injini na injini, mwaka na mwaka. Magari ya soko la Japani hayana VIN (namba ya utambulisho wa gari) ya herufi na tarakimu 17. Yana namba ya fremu, kwetu ni KZJ95 kisha mstari kisha tarakimu. Katalogi ya mtandaoni ukiipa namba hiyo inakuonyesha mwezi gari lilipotengenezwa na namba sahihi ya kila kitu. Ninaiandika namba ya fremu kwenye kila agizo, kwenye nafasi ya maelezo, hata kama muuzaji hakuiomba. Muuzaji makini ataikagua kabla ya kutuma, na hapo ndipo kosa linakamatwa likiwa bado Japani.

Hedi imelipiwa. Tuko ndani ya Ramadhani, iliyoanza tarehe 11 Machi, na wakala amesema mapema kuwa maduka ya Dubai yanafanya saa chache. Sawa. Hilo linajulikana.

Wiki ya pili ya Aprili

Idi ilikuwa tarehe 10. Hedi bado haijatoka kwa muuzaji kwenda kwenye ghala la wakala. Sikumsumbua mtu sikukuu.

Nimetumia muda huo kukaa na katalogi na kumaliza agizo la Japani. Duka linaandika kando ya kila spea siku za kupatikana. Watu wengi wanasoma pale "siku 3 hadi 5" wakadhani ndani ya wiki watapigiwa simu na posta. Zile ni siku za spea kufika kwenye ghala la duka kutoka kwa Toyota. Baada ya hapo kuna kufungasha, kupima uzito, kukutumia bei ya usafiri, kusubiri ulipe, kukabidhi posta, na ndipo safari inaanza. Nikihesabu muda, nahesabu hatua hizo zote kila moja peke yake, na nimemweleza baba mdogo hivyohivyo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Gari linasemaje?"

Nikamwambia lisitarajiwe kabla ya Juni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema bora kuambiwa Juni ya kweli kuliko Mei ya kumfariji. Ameongea na mwenye Noah wa kijiji cha jirani, kwa wagonjwa wa usiku watasaidiana mafuta.

Baada ya tarehe 16 Aprili

Dubai imejaa maji. Mvua ya Jumanne tarehe 16 ni kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu za hali ya hewa za Falme za Kiarabu zianze mwaka 1949. Karibu na Al Ain zilipimwa milimita 254 kwa muda usiofika siku nzima. Uwanja wa ndege umevurugika, barabara zimezama, maghala ya watu yameingia maji.

Wakala alinitumia ujumbe kuwa mzigo "utachelewa kidogo". Neno hilo halinisaidii. Nikampigia na kumuuliza maswali matatu: hedi ipo kwa muuzaji au ghalani kwako? Imeguswa na maji? Kontena lako linafungwa lini? Alinijibu yote. Hedi ilikuwa bado kwa muuzaji, kwenye rafu ya juu, na kontena lilisogezwa mbele kwa sababu mizigo ya wateja wengine ilikuwa imelowa na inakaguliwa. Nimeomba picha ya hedi ikiwa nje ya boksi, uso wa chini ukionekana wote, pamoja na namba iliyochapwa. Picha ilikuja jioni. Uso msafi, hakuna doa la chumvi wala kutu kwenye sehemu za chuma.

Kuuliza hivi si kumkaripia mtu. Wakala anahudumia mamia ya watu, na anayeuliza "mzigo wangu vipi?" anajibiwa "upo njiani". Anayeuliza upo kwenye hatua ipi humlazimu kwenda kuangalia.

Huku kwetu nako masika ya mwaka huu ni mazito. Injini iko wazi, na unyevu wa Morogoro unaingia kila mahali. Kuta za silinda za chuma cha kutupwa zinaanza kupata rangi ya chungwa kwa usiku mmoja tu zikiachwa kavu. Fundi amezipaka oili safi, ameziba matundu ya oili na ya maji kwa vitambaa, amefunika bloku lote kwa nailoni nzito na kuifunga kwa kamba. Kila siku kadhaa anafunua, anazungusha krenki nusu mzunguko, anapaka tena, anafunika. Bolti zote ziko kwenye mifuko yenye majina. Mradi unaosubiri spea unaharibika kwa namna hii ya kimyakimya, na gereji nyingi hazilifanyi hili mpaka mwenye gari alisimamie.

Wiki ya mwisho ya Aprili

Agizo la Japani limekubaliwa, nimelipa kwa kadi. Yeni imeshuka sana. Jumatatu tarehe 29 dola moja ilivuka yeni 160 kwa muda. Shilingi yetu nayo haiko vizuri, dola inaelekea 2,600, na benki zinatoa dola kwa kubana. Hata hivyo kwa mtu anayenunua Japani, kushuka kwa yeni kumetupunguzia bei ya spea kuliko shilingi ilivyotuongezea.

Lakini tarehe 29 hiyohiyo ni sikukuu Japani, na baada yake zinafuata za tarehe 3, 4 na 5 Mei. Kipindi hiki wanakiita Wiki ya Dhahabu, na maduka mengi yanafunga moja kwa moja. Nilijua, na nililipa kabla ili agizo liingie kwenye foleni ya Toyota mapema. Kuna vipindi vingine viwili kama hicho: Obon katikati ya Agosti, na mwaka mpya kuanzia mwisho wa Desemba hadi siku za mwanzo za Januari. Kwa China ni mwaka mpya wao, Januari au Februari. Anayeagiza spea aviandike ukutani kando ya kalenda ya gereji.

Wiki ya kwanza ya Mei

Kimbunga Hidaya kilipiga Mafia na pwani yetu tarehe 4. Morogoro tulipata mvua na upepo, bandari na vivuko vikasimama kwa muda. Wakala amethibitisha kontena limefungwa Dubai na liko bandari ya Jebel Ali likisubiri meli. Amenipa namba ya hati ya meli na jina la meli yenyewe. Hivyo viwili ndivyo nilivyokuwa nikivitaka. Ukiwa na jina la meli unaiona kwenye ramani za meli za mtandaoni, unajua iko bandarini, iko baharini au imetia nanga nje ya Dar ikisubiri gati.

Aliongeza kuwa kuchelewa kunatokana na mashambulizi ya Bahari ya Shamu. Hapa niliichukua ramani. Kutoka Jebel Ali unapita mlango wa Hormuz, unashuka Bahari ya Hindi mpaka Dar. Bab el-Mandeb, mlango wa kuingilia Bahari ya Shamu, huigusi. Meli yetu haipiti huko. Ila kuna ukweli ndani ya alichosema: tangu mwisho wa 2023 meli nyingi za Asia kwenda Ulaya zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari zimerefuka, kwa hiyo meli na makontena yamekuwa haba kila mahali, na ratiba za bandari kubwa zimevurugika. Nafasi kwenye meli ya Dar inagombaniwa. Hilo linaeleza kusubiri Jebel Ali. Halielezi kuchelewa kwa meli ikishang'oa nanga, na nimemwambia hivyo kwa heshima ili tujue siku zijazo tunaongelea nini.

Katikati ya Mei

Tatizo la kweli la mradi limetoka Japani, na halina uhusiano na bahari.

Duka limeandika: vitu vyote vimefika ghalani isipokuwa sili za valvu na klachi ya feni. Sili hazipo kwa Toyota kwa sasa, tarehe haijulikani. Klachi ya feni inatarajiwa baadaye. Na utaratibu wa duka ni kutotuma chochote mpaka agizo litimie lote.

Hapa ndipo miradi mingi inapolala. Gasketi ipo, bolti zipo, belti ipo, vyote vimekaa kwenye rafu kwa sababu ya pakiti ya sili inayotosha kiganjani. Duka halina kosa: limefuata utaratibu wake, na mteja asiposema linachukulia ameridhika. Nimewaandikia siku ileile: tumeni vilivyopo sasa, futeni sili na mrudishe pesa yake, klachi ya feni mtaituma peke yake ikifika, gharama ya usafiri wa pili nitalipa. Wamekubali bila ubishi.

Nimefanya hesabu kabla ya kuandika hivyo. Sili za valvu za Toyota zinatengenezwa na kampuni nyingine, na NOK ya Japani ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa sili wanaowauzia Toyota. Ndivyo ilivyo pia kwa wota pampu za Aisin na beringi za Koyo. Bidhaa hizohizo zinauzwa kwenye maboksi ya watengenezaji wenyewe, na Kariakoo zipo. Kinachotakiwa ni jicho, maana na feki zake zipo. Klachi ya feni ni jambo jingine: ya zamani bado inashika, fundi ameijaribu, inaweza kutembeza gari huku mpya ikisubiriwa. Gasketi ya hedi haina mbadala wa namna hiyo. Kwa hiyo swali ninalojiuliza kwa kila spea iliyokwama ni moja: injini inaweza kufungwa bila hii? Ikiwa ndiyo, isiruhusiwe kuzuia nyingine.

Kuhusu pesa ya kurudishwa: nahifadhi barua zote na tarehe. Majukwaa ya malipo yana muda wa kufungua malalamiko, PayPal kwa mfano ni siku 180 tangu siku ya kulipa, na mengine yana muda mfupi zaidi. Muuzaji anayekuomba "subiri kidogo" mara kwa mara, hata akiwa mwema, anaweza kukupitisha muda huo. Nimeona watu wakibonyeza kuwa wamepokea mzigo ili tu kumridhisha muuzaji, mzigo ukiwa bado haujaonekana. Msifanye hivyo.

Tarehe 12 Mei intaneti ilikatika. Mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom iliharibika kwa pamoja na nchi ikabaki na mtandao wa kuchechemea. Meli sikuweza kuifuatilia, barua pepe za Japani zilikuja kwa mafungu. Nilikuwa nimeziandika namba zote kwenye daftari la gereji, kwa hiyo kwa Dubai nilitumia simu ya kawaida.

Mwisho wa Mei

Kifurushi cha Japani kimekabidhiwa EMS, huduma ya posta ya haraka. Namba yake ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha JP. Tarakimu ya tisa ni ya uhakiki, na mtu anaweza kuijaribu kwa kalamu: zidisha zile nane za kwanza kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mpangilio huo, jumlisha, gawanya kwa 11, kisha toa baki kwenye 11. Jibu liwe tarakimu ya tisa. Likitoka 10 inaandikwa 0, likitoka 11 inaandikwa 5. Kwa mfano 47312482 inaleta jumla ya 200, baki ni 2, kwa hiyo ya tisa ni 9. Nimeshawahi kuletewa na watu namba "isiyoonekana mtandaoni" na kumbe tarakimu mbili zimepishana wakati wa kunakili. Hesabu hii inagundua hilo kabla hujaanza kumlaumu mtu.

Hali ya mzigo inasema umeondoka kituo cha kubadilishana mizigo cha Japani. Maana yake umefungwa kwenye gunia la kwenda Tanzania. Haimaanishi umepaa. Gunia linaweza kusubiri nafasi kwenye ndege, na kati ya hapo na kupokelewa Dar skrini haitabadilika. Kimya hicho ni cha kawaida na hakuna wa kumpigia simu. Hatua inayofuata ikija kutoka upande wetu ndipo kazi ya kufuatilia inaanza tena.

Hedi: meli imeonekana karibu na pwani ya Somalia, inashuka.

Wiki ya tatu ya Juni

Kifurushi kimefika Dar. Treni ya SGR ya Dar na Morogoro imeanza kubeba abiria tarehe 14, nikapanda asubuhi na nimerudi mchana nikiwa na nguvu ya kufanya kazi. Kwa basi ingekuwa siku nzima.

Forodha walitaka kuona ankara na orodha ya vilivyomo. Nilikuwa nimeliomba duka liandike kila kitu kwa mstari wake na namba yake, badala ya "spea za gari" kwa jumla. Sehemu za injini ya dizeli ziko kwenye kifungu cha 8409 cha orodha ya ushuru, taimingi belti iko 4010 pamoja na belti za mpira, wota pampu 8413. Kifungu cha 8708 ambacho watu hukitaja kwa kila spea ni cha sehemu za gari kama bodi, breki na sasisi. Viwango vya ushuru havilingani. Ofisa aliyeona mistari iliyonyooka aliniuliza mambo mawili na kuendelea na kazi.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Wanachukua bei ya spea pamoja na usafiri na bima, hiyo ndiyo CIF. Ushuru unatozwa juu yake. VAT ya 18% inatozwa juu ya CIF pamoja na ushuru. CIF ikiwa shilingi 1,000,000 na ushuru ukiwa 10%, VAT inahesabiwa kwenye 1,100,000, nayo ni 198,000. Kuna tozo nyingine ndogo juu yake. Anayeagiza na kubakiza pesa ya spea peke yake, mzigo wake utakaa ghalani akitafuta hiyo nyingine, na gharama za kuhifadhi zinahesabiwa.

Nilipofika gereji tulipiga picha boksi kabla ya kulifungua, kila upande. Namba ya gasketi kwenye mfuko imetofautiana na tuliyoagiza kwa tarakimu ya mwisho. Fundi akakunja uso. Tumekaa na katalogi: namba ya zamani imefutwa na Toyota na hii ndiyo iliyochukua nafasi yake. Alama ya unene iliyogongwa ukingoni ni ileile ya vipimo vya ukutani. Ipo sawa.

Wiki ya mwisho ya Juni

Meli imeshusha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa siku 21 tangu meli ianze kushusha ili hati ziwasilishwe, na wakala ameshaziwasilisha. Mizigo ya kontena la pamoja ina ugumu wake: mteja mmoja akiwa na hati mbovu, wote mnasubiri. Safari hii hakuna aliyekwamisha.

Sili za valvu ndizo zilizokwama sasa. Jumatatu tarehe 24 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa mgomo wa kodi, na mtaa mzima wa spea ukafungwa nao. Nimesubiri. Madai yao ni mazito na ninawaelewa, na injini ambayo imesubiri tangu Machi inaweza kusubiri wiki moja.

Wiki ya pili ya Julai

Hedi imeingia Msamvu kwa basi, imefungwa kwenye ubao. Sili za NOK nazo zimepatikana. Fundi alikataa pakiti ya duka la kwanza, mpira wake ulikuwa mgumu na maandishi ya boksi yamefifia, akaridhika na ya duka la pili.

Hedi ilipelekwa kwanza karakana ikajazwa hewa ndani ya maji, ikiwa mpya hivyohivyo. Haivuji. Ikapimwa kwa rula, imenyooka. Ilipokuwa ikisubiriwa, nozeli zilikuwa zimeshapimwa kwenye mashine, rejeta imefunguliwa na kusuguliwa bomba kwa bomba, na wota pampu mpya ya Aisin imefungwa. Kwa hiyo siku hedi ilipofika hapakuwa na kingine cha kusubiri. Gasketi imelazwa, bolti mpya zimefungwa kwa mpangilio na kwa hatua, taimingi belti imepangwa alama kwa alama, fundi akazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili na kuhakiki alama tena.

Imewaka. Moshi mweupe kidogo mwanzoni, kisha safi. Tumeiacha ikaunguruma mpaka themostati ikafunguka na hosi ya chini ikapata joto. Rejeta haina mapovu.

Mwisho wa Julai

Gari limepanda mpaka Matombo, watu sita na magunia, na mshale wa joto haukuvuka katikati. Baba mdogo ameanza kulitumia. Klachi mpya ya feni bado: duka limeandika imefika ghalani kwao na nimelipa usafiri kabla Obon haijawafungia. Ikifika, itafungwa hapohapo Matombo, kazi yake haihitaji gereji. Kulanti itakaguliwa kila asubuhi injini ikiwa baridi mpaka mwisho wa Agosti, na mfuko wa bolti zilizobaki, ankara zote na namba za ukutani tulizozinakili viko kwenye droo ya gari.